Pete na Mizani

Miaka ishirini na sita nilipima viazi vya watu.
Marikiti, alfajiri, taa za malori bado zinawaka,
nikipindua gorogoro moja baada ya jingine
kutafuta kitako kilichogongwa kikapanda juu:
nyundo mbili tu, na nyumba nzima inalala
na njaa ya robo kilo.

Sasa nimestaafu. Jumamosi napima magongo ya besiboli
kwenye uwanja wa shule, Donholm,
udongo mweusi umening'ang'ania viatu
kama mdai wa mwisho wa mwezi.
Nina meza, mizani, na pete ya chuma
aliyonikatia fundi wa Kamukunji kwa bei ya huruma.
Gongo lisilopenya kwenye pete halichezi.
Hilo wanalielewa wote.
Kinachowachosha ni hesabu.
Mtoto wa miaka kumi aruhusiwa jepesi,
mradi lina muhuri wa ligi ya watoto.
Akiingia sekondari, lile lile ni haramu:
toa wakia kwenye inchi, isizidi tatu.
Inchi thelathini na mbili, wakia ishirini na tisa, haya, pita.
Ishirini na nane, rudi nyumbani.
Vyuo vikuu nao wana mashine yao ya kulibana mbavu.

"Kwani limekosa nini?" Kerubo aliniuliza.
"Mwaka jana ulilipitisha wewe mwenyewe."
Halijakosa kitu, mwanangu.
Wewe ndiye umeota mabega.

Saa nne wakaja vijana wa chuo,
miwani ya jua, begi lenye magurudumu.
Gongo la alumini, muhuri unang'aa.
Pete ikakubali. Mizani ikakubali.
Nikaligonga kwa ukucha.
Likalia wembamba, kama sufuria
iliyosuguliwa kwa mchanga tangu mama mkwe hajaolewa.
Wamelikwangua kwa ndani, ukuta umebaki ngozi,
ili mpira ukiligusa uruke kama uliotukanwa.
Nikamtazama nahodha. Akatazama kamba za viatu vyake.
Gorogoro, nikasema moyoni.
Gorogoro lenye digrii.
Nikalilaza chini ya meza.

Kisha Nyamweya, kidato cha pili,
gongo limeviringishwa kwenye mfuko wa unga.
Mama yake hukereza miguu ya vitanda Gikomba,
na kweli, ukilitazama upande,
unaona kitanda kilichokuwa kije.
"Halina muhuri," nikasema.
"Mama hana muhuri," akajibu, wala si kwa ujeuri.

Foleni ikaguna.
Nikavaa miwani, nikasoma kanuni hadi chini kabisa,
kwenye yale maandishi ya sisimizi:
mti mtupu, kipande kimoja, usiounganishwa, hauhitaji muhuri.
Nikatafuta kiungo. Gundi hunuka hata chini ya vanishi.
Nikaifuata mishipa ya mti kwa kidole, shingoni hadi kichwani,
taratibu, kama mtu asomaye barua ya mkopo.
Haikukatika popote.
Pete ikateleza, ikabaki nafasi ya karatasi.
Mizani: zito kupita haja.
Lakini sheria haimzuii mtu kujitwika.

Nikabandika utepe wa samawati, nikatia sahihi,
ile ile niliyowatilia wauza viazi.
Mkono ulitetemeka kidogo. Baridi, nadhani.

Akapiga mara tatu.
Hewa. Hewa. Hewa.
Mpira haukuwa umesoma kanuni.

Alipokuwa akirudi benchini alipita mezani pangu,
akaliweka tena kwenye mizani, bila kuitwa,
akainama kusoma namba
kana kwamba huenda limepungua.